Jinsi ya Kuteleza kwa Skii Kitengela Bila Kungoja Theluji

Kwanza tafuta tangi la maji lililopasuka. Kitengela ni mji wa matangi. Maji ya mfereji huja yakipenda, visima vingi vina chumvi, kwa hiyo ploti baada ya ploti utaona tangi jeusi juu ya mnara wa chuma likisubiri lori la maji. Jua hulichakaza, mnara huinama, na siku moja tangi hupasuka ubavuni. Mwenye ploti hununua jingine, na lile la zamani hubaki nyuma ya nyumba, kuku wakilala ndani. Hilo ndilo unalolitaka. Usiende Nairobi kuulizia skii madukani, wala usimsumbue binamu aliye Ulaya akutumie jozi aliyoichoka. Skii hizo zilitengenezewa ardhi ya huko. Sisi tuna ardhi yetu, nayo mvua ikinyesha huteleza vya kutosha.

Nasema udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kapiti, ule ule unaopasua kuta na kuwalazimisha wajenzi kuuchimba wote kabla ya kumwaga zege. Wakati wa kiangazi hufanya nyufa ambazo mkono unaingia. Maji yakiupata huvimba, maana chembe zake hunywa maji katikati ya tabaka zake na kutanuka, kisha juu hutanda utelezi. Kila mkazi wa mitaa ya ndani anaijua asubuhi ya masika: gambuti miguuni, viatu vya ofisini ndani ya begi, mwendo wa polepole hadi stejini kando ya barabara ya Namanga, ambako gambuti huachwa kwa mwenye duka na kuchukuliwa jioni. Njia ya dakika kumi hula nusu saa. Mtoto wa chekechea hubebwa mgongoni. Bodaboda hukataa kuingia, au hutaja bei ya kukurudisha kwenye kutembea. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya watu hao. Naamini kabisa kwamba skii zitawafaa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Mtu wa kilo 70 akitembea, kila hatua uzito wake wote hukaa juu ya unyayo mmoja, yaani kama sentimita za mraba 200. Mpandishe kwenye ubao wenye urefu wa sentimita 150 na upana wa 25, na uzito ule ule umeenea juu ya sentimita za mraba 3,750. Kila sentimita ya tope sasa inabeba chini ya sehemu moja kwa kumi na nane ya ule mzigo wa kwanza. Ndiyo maana watu wa kaskazini walivumbua skii: hawakutaka mchezo, walitaka kufika kwa jirani bila kuzama kwenye theluji. Mchezo ulikuja baadaye sana.

Na topeni je, kuna waliojaribu? Wapo, tena kwa vizazi. Katika bahari ya Ariake, kusini-magharibi mwa Japani, maji kujaa na kupwa hutofautiana kwa karibu mita 6. Yakipwa huacha uwanda mpana wa tope laini, na anayeukanyaga kwa miguu huzama hadi mapajani. Wavuvi wa huko hutumia ubao mrefu wenye ncha iliyoinuka mbele. Goti moja hukaa juu ya ubao, mguu wa pili hupiga tope nyuma, mikono hushikilia chombo kilichowekwa mbele, na mtu husafiri juu ya tope haraka kuliko wewe unavyosafiri juu ya lami yenye foleni. Tangu 1985 mji wa Kashima, mkoani Saga, huandaa michezo ya topeni iitwayo Gatalympics, na mbio za mbao hizo ni sehemu ya shamrashamra. Uingereza pia, kwenye ghuba ya Bridgwater, wavuvi wamekuwa wakisukuma sleji ya mbao juu ya tope kwenda kukagua nyavu. Kwa hiyo fundi akikucheka, mwambie kuna watu duniani wanaokula samaki kwa kazi hiyo.

Sasa turudi kwenye tangi, maana hapa ndipo penye utamu. Upande wa chini wa skii za kisasa, ule unaogusa theluji, ni polithini ya aina ngumu. Tangi lako nalo ni polithini, si ya daraja lile, ila ni ukoo mmoja, na maji hayaigandi. Chagua tangi kubwa, la lita 5,000 likipatikana, kwa sababu duara la tangi dogo limepinda mno. Kata kipande kwa kufuata mzunguko wa tangi, usikate kutoka juu kwenda chini. Ukifuata mzunguko, ile mikunjo inayolizunguka tangi itakaa kwa urefu wa skii yako na kukusaidia kwenda moja kwa moja. Baadhi ya skii za dukani huchongwa mfereji chini kwa sababu hiyo hiyo. Wewe umepewa bure na kiwanda cha matangi.

Upande wa nje wa tangi ndio utazame chini. Kisha fundi afunge ubao wa saipresi wenye urefu wa sentimita 90 katikati, kwa boliti ambazo vichwa vyake vimezamishwa ndani ya plastiki ili visikwaruze. Ubao utanyoosha katikati, na sentimita 30 zinazobaki kila upande zitabaki zimepinda, ncha zikiwa juu kama sentimita 5. Ncha hizo ndizo roho ya kifaa. Ncha bapa hujichimbia, na ikijichimbia wewe utaendelea na safari peke yako, uso mbele.

Umbo hilo la ncha zote mbili kupanda lilichekwa sana lilipofika kwenye theluji. Mwaka 2001 mteleza-theluji Shane McConkey aliteremka mlima wa Alaska akiwa amevaa skii za majini, zile za kuvutwa na motaboti. Skii za wakati ule zilikuwa nyembamba na zenye upinde wa kwenda upande mwingine, lakini yeye alikuwa ameona kwamba theluji laini hubeba kama maji, na kwamba kifaa kipana kilichopinda juu kitaelea. Kampuni ya Volant ikamtengenezea skii iliyoitwa Spatula. Wengi waliiona ni kituko. Leo skii za theluji laini zenye ncha zilizopanda zimejaa madukani. McConkey alifariki 2009 akiwa katika mchezo aliouchanganya wa kuteleza na kuruka kwa parachuti, na sisi tunaokata matangi tuna deni lake.

Nimesoma habari za vifaa vingi vya ajabu vya kuteleza, na nikiviweka pamoja naona vinagawanyika kwa swali moja: aliyekibuni alikuwa anatazama wapi? Aliyetazama kilicho chini ya miguu yake mara nyingi alipata kitu, hata kama kilikuwa na sura mbaya. Aliyetazama picha ya mtu mwingine akiteleza alipata hasara. Lipime kila wazo kwa swali hilo kabla hujamlipa fundi wa kuchomelea.

Fundi huyo utampata kwenye vibanda vya jua kali. Mpe salamu kwanza, usikimbilie kazi. Atalizungusha lile pande la tangi mikononi na kuuliza, “Sasa mzee, hii ni ya kazi gani?” Mweleze bila kuficha: ni ya kupita kwenye tope bila kuzama. Usimtajie theluji, kwa kuwa mazungumzo yatahamia Ulaya na kazi itasimama. Ukimtajia tope atakuelewa papo hapo, kwani na yeye anaishi huko ndani, na pengine atakuonyesha makosa ya mchoro wako. Msikilize. Fundi anayekaa kwenye udongo huo ana maoni yenye thamani kuliko mimi.

Kufunga mguu ndiyo sehemu ninayokuomba uwe makini kuliko zote. Kitu cha kwanza kitakachokujia ni kupigilia jozi ya akala juu ya ubao. Akala ni kiatu hodari, mpira wa gurudumu haukatiki, na hapo ndipo hatari ilipo: ukianguka, skii itabaki imeng'ang'ania mguu, na ubao wa mita moja na nusu ukijipinda, kinachokubali kupinda nawe ni mfupa wa muundi. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo watelezaji walivyovunjika. Mwaka 1937 Hjalmar Hvam, Mnorwei aliyehamia Oregon, Marekani, alivunjika mguu kwenye mlima Hood, na katika kuugua kwake akawaza kifungio kinachoachia chenyewe mtu anapoanguka kwa mbele. Hataza yake ilitoka 1939. Kati ya vifaa vyote vya mchezo huu, hicho ndicho ninachokiheshimu zaidi. Kila kifungio cha leo kinachoachia mguu kinafuata wazo lile.

Kwa hiyo tumia blada. Kila karakana ya baiskeli ina blada kuukuu, na watu wa kaunti yetu ya Kajiado tayari wanazifungia mizigo kwenye pikipiki. Kata ukanda wa vidole vitatu, upitishe juu ya gambuti kwenye vidole vya mguu, ufunge kwenye kulabu mbili za waya mnene. Kisigino kiache huru. Kisigino huru hukuwezesha kupiga hatua ya kuteleza, na ukianguka blada hutanuka, gambuti huchomoka, mguu unabaki wako. Jaribu nyumbani, juu ya nyasi: simama, jiangushe mbele kwa makusudi mikono ikitangulia. Kama mguu haukutoka, legeza. Rudia hadi utoke.

Fimbo unayo. Picha za Olimpiki zitakufanya uamini ni lazima ziwe mbili, nyepesi, za rangi. Mathias Zdarsky, mwalimu aliyefundisha watu kuteleza huko Lilienfeld, Austria, mwishoni mwa karne ya 19, alitumia fimbo moja ndefu, akashuka nayo kwenye miteremko mikali. Mchungaji wa Kimaasai aliyeshinda na fimbo moja tangu utotoni ana mizani ambayo wengine wetu tutaitafuta msimu mzima. Mkitoka pamoja, mtangulize yeye na umwangalie anavyoiweka. Nyongeza moja tu: chini ya fimbo piga kisahani cha plastiki, ukubwa wa kifuniko cha kopo la rangi, la sivyo fimbo itaingia kwenye udongo mweusi na kukataa kurudi.

Miwani ni jambo dogo. Kitengela Glass, ile karakana ya vioo ya ukoo wa Croze, huyeyusha chupa na vioo vya madirisha na kuvigeuza kuwa vitu vya kuduwaza macho, na najua kuna msomaji atakayetaka miwani ya rangi kutoka huko. Nunua bilauri. Kioo hakikai mbele ya jicho la mtu anayetarajia kuanguka.

Wakati wa kutoka ndio unaoamua kila kitu. Mvua ikiwa imekatika jana na jua limewaka asubuhi, baki nyumbani: udongo uliokauka nusu hunata, na utajikuta umebeba kilo kadhaa za Kajiado chini ya kila mguu. Unataka maji bado yakiwa yametuama juu. Theluji huteleza kwa sababu ya utando mwembamba wa maji kati yake na skii, na tope letu hudai hivyo hivyo. Usinyanyue mguu. Ukiunyanyua, tope huufyonza ubao kutoka chini na kuushikilia. Sukuma mbele, ukiinua kisigino tu, na kama umebeba mzigo fuata mtindo wa Ariake: goti moja juu ya ubao, mguu wa pili usukume, begi mbele yako. Kitengela ni tambarare, hivyo hakuna mteremko wa kukusaidia, na hakuna mteremko wa kukuangamiza.

Anayetaka mteremko atazame vilima vya Ngong. Viko kaunti hii hii, kilele kikiwa kwenye mita 2,460, na nyasi zipo. Wajerumani walibuni skii za nyasi katika miaka ya 1960: fupi, na chini yake mkanda wa vipande unaozunguka mfano wa tingatinga. Zina mashindano ya dunia hadi leo, na ni kifaa cha akili, lakini zina tabia moja ambayo lazima uijue: haziwezi kukwaruza kando. Kwenye theluji mtu hugeuza skii ubavu na kusimama. Kwenye nyasi unasimama kwa kupinda mpaka uelekee mlimani tena. Ngong nyasi zake ni za mafungu, mawe yamejificha katikati, na upande wa magharibi ardhi inashuka kwenda Bonde la Ufa bila kukuonya. Kwa hiyo sitakufundisha kutengeneza skii za nyasi. Fanya wanavyofanya watoto: kata jerikani katikati, kaa juu yake, chagua kijiteremko kifupi kisicho na mawe upande wa huku, chini ya mitambo ya upepo ya KenGen, na uwe na mtu anayekungoja chini. Watoto hao hawajawahi kusoma habari za vifaa, na chombo chao kinakidhi kila sharti: chepesi, hakimfungi mguu mtu, kikivunjika kingine kinapatikana.

Skii za magurudumu zinahitaji maneno mengi kidogo, kwa sababu ni za kweli na zimebeba jina la Kenya. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, jamaa wa Mike Boit aliyepata shaba Munich 1972. Mwaka 1996 Nike iliwagharamia yeye na Henry Bitok kwenda Finland kujifunza kuteleza kwa miguu juu ya theluji, kitu ambacho hawakuwa wamewahi kukiona. Kurudi nyumbani, hakuna theluji, mtu hufanya mazoezi kwa skii za magurudumu barabarani. Februari 1998, huko Nagano, Boit akawa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa 92, wa mwisho, karibu dakika 20 nyuma ya mshindi Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie alimngoja kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, akarudi kwenye Olimpiki 2002 na tena 2006. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, akaenda PyeongChang kuiwakilisha Kenya kwenye miteremko. Nikisikia mtu akisema skii si mambo yetu, hao ndio ninaowataja, wala sitabasamu.

Basi magurudumu yanakubalika, lakini si ya beringi. Najua vijana wanaojenga vigari vya beringi watanipinga. Beringi ni chuma tupu: kokoto moja likikaa mbele yake, gurudumu husimama na mwili huendelea. Tafuta magurudumu ya mpira ya kigari cha mtoto au troli. Kumbuka pia kwamba skii nyingi za magurudumu hazina breki, hivyo barabara ya Namanga na matrela yake iache kabisa. Chagua kipande cha lami mpya ndani ya mtaa, alfajiri, kisicho na matuta wala mteremko. Vaa helmeti ya bodaboda. Mwombe mtu wa pikipiki akufuate nyuma taa zikiwaka.

Pamebaki mahali pawili, na pote nitakukataza. Pa kwanza ni Magadi. Ukiuona uwanda ule mweupe kwa mbali moyo utakuruka, kwa sababu kwa macho ni theluji tupu. Ni gamba la magadi. Lina makali ya kuchubua plastiki, chini yake kuna maji yanayochoma ngozi, joto hukaribia digrii 40, na ni mahali pa kazi: magadi yamekuwa yakichimbwa kibiashara huko kwa zaidi ya miaka 100. Waachie wachimbaji na heroe. Pa pili ni Kilimanjaro, inayoonekana kutoka Kajiado asubuhi mawingu yakitulia na inayojaza mbingu ukifika Oloitokitok. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na skii. Tangu mwaka huo huo zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlima ule imeyeyuka, na iliyobaki inanihuzunisha kila ninapoiona. Isiguswe.

Turudi Kitengela basi, kwenye mvua. Ukishaimudu njia yako, mwite jirani. Wawili wakipita pamoja kila asubuhi, tope hulainishwa na kupata mkondo, na wa tatu hupita kwa urahisi. Mtoto wa chekechea akae kwenye ubao mwingine nyuma yako ukiuvuta kwa kamba, koti la mvua juu, daftari ndani ya koti. Anayetoka mtaani akiwa na mtoto apishwe na wote. Mkutane na mwenye duka la stejini kabla msimu haujaanza, mkubaliane bei ya kuhifadhi skii, kwa sababu zinachukua nafasi kubwa kuliko gambuti na yeye ana haki ya kuuliza. Andika jina lako juu ya ubao kwa rangi ya mafuta.

Jioni usizioshe. Maji ni ghali, na hakuna haja. Zisimamishe ukutani mahali palipo na upepo. Udongo mweusi ukikauka hunywea na kujibandua wenyewe kwenye polithini. Kesho yake gonga kwa fimbo mara moja, uanguke wote, kisha kagua blada. Ikiwa imeanza kupasuka pembeni, badilisha kabla hujatoka.